Mazoezi ya Kumwona Daktari

"Rudia. Mimi ndiye daktari," mume alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Unalala vizuri?"

"Silali," mkewe alijibu huku akimfunga mtoto nepi. "Tangu nijifungue nalia ovyo. Juzi nimeshona sketi ya mteja nikaiziba kiunoni."

"Usiseme hivyo. Sema kichwa kinauma, basi. Ukiropoka pale utaonekana kichaa."

"Sasa kama ni kichwa tu, naendea nini kwa daktari wa akili?"

Mpokezi wa kliniki alishasema mgonjwa aje na mtu anayeishi naye, lakini bwana huyu, fundi wa spika, kila siku alidai kazi zimembana.

Simu yake ikaita. Akatoka nayo uani, kama afanyavyo akipigiwa na mama yake. Kosa la kifundi: asubuhi ile alikuwa akijaribu spika ya bluetooth ya mteja, yenye maikrofoni, mle chumbani, na simu bado ilikuwa imeunganishwa nayo.

"Haloo? Mama, sikusikii. Ongeza sauti."

Mama akaongeza. Chumba kizima kikamsikia.

"Nauliza, umemfundisha aseme ni kichwa tu? Maana wakimtibu akapona, mtoto tutamchukuaje? Mwache azidiwe. Yule binti niliyekutafutia bado anakusubiri."

Mke akampakata mtoto. Kisha akaisogelea spika.

"Shikamoo, mama. Amenifundisha vizuri sana. Ila mwanangu haji kwako."

Simu ikakatwa. Mume akaingia mbio, jasho linamtoka.

"Mke wangu, hayo ni maneno ya mama."

"Na mazoezi haya ni ya nani?"

"Nilitaka kumridhisha tu. Yule binti hata simjui. Nisamehe, twende wote."

"Nilidhani unanionea aibu, na aibu ningekusamehe, maana nakupenda. Kumbe ulikuwa unasubiri niharibikiwe."

"Nipe mtoto basi, nibaki naye."

"Thubutu umguse."

Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mkoba na kwenda. Njia nzima alilia, watu wakimtazama, naye hakujali.

"Umekuja na nani anayeishi nawe?" mpokezi aliuliza.

"Na huyu mgongoni."

"Namaanisha mtu mzima, dada. Wa kumweleza daktari hali yako ya nyumbani."

"Nitaeleza mwenyewe. Ninayeishi naye hataki nipone."