Kadi Mpya Ndani ya Kompyuta ya Marehemu

Siku hiyo mchomeleaji alifunga kibanda mapema. Alirudi nyumbani na kadi ya michoro, ile inayofanya picha za gemu zikimbie bila kukwama.

"Afadhali, Baba," alisema bintiye. "Gari langu la gemu linaruka kama chura."

Kompyuta ilikuwa ya marehemu mkewe. Mke ndiye aliyeinunua dukani ikiwa imeshaunganishwa, na ubavuni imebandikwa maneno: "Tayari kwa michezo." Ndani yake mlikuwa na video alizojirekodi akicheza na bintiye. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Mchomeleaji akafungua ubavu, akachomeka kadi. Kumbe kadi ilitaka waya wake wa umeme, na humo ndani haukuwemo.

"Tumwite jirani," binti alisema.

"Wa nini? Nimeunga mageti ya nusu ya mji huu. Umeme ni umeme."

Akakata kwa mkasi waya mwingine wa humo ndani, akauunga kwenye kadi, akazungushia utepe. Akawasha.

Pa. Moshi ukatoka. Skrini ikawa nyeusi.

Binti hakulia. Alisema tu, "Mama yumo humo."

Mchomeleaji akapepea moshi kwa mkono. "Ni hao wakubwa wa shirika la umeme," alisema. "Kazi yao kula. Umeme wao unapanda na kushuka kama homa."

Jirani, fundi wa kompyuta, alikuja na bisibisi yake. Kwanza alichomoa waya ukutani. Kisha akagusa chuma cha boksi la kompyuta ili kutoa umeme tuli mwilini, ndipo akaingiza mkono.

"Taa zenu zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi wakubwa waache leo wapumzike. Waya huu nani kaukata?"

Mchomeleaji akatazama dari.

Fundi akatoa pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. "Soma hapa, jirani."

"Wati mia mbili na arobaini."

"Sasa boksi la kadi."

"Inataka pawasaplai ya wati mia tano na..." Akaonyesha maandishi ya ubavuni. "Lakini nje wameandika tayari kwa michezo!"

"Labda michezo ya karata. Hapo wamewaonea kweli. Ila huo mkasi ulikuwa mkononi mwako. Kabla ya kununua kadi, soma wati. Pima kama itaenea. Na kitu unachokipenda, kiwekee nakala nje ya kompyuta."

"Na diski yenye video?" binti aliuliza.

"Nitaijaribu kwangu. Siahidi."

Kwa siku mbili mchomeleaji hakumlaumu mkubwa yeyote. Binti akadhani baba anaumwa.

Siku ya tatu fundi akaja na pawasaplai yenye nguvu ya kutosha na plagi zinazoingia kwenye kadi. Kadi haikuungua, diski nayo ilikuwa imepona, na nakala yake ilikuwa ndani ya flashi. Kompyuta ikawaka. Gari likateleza barabarani bila kuruka hata mara moja.

Kisha binti akafungua video. Marehemu alikuwa akicheka, macho kwenye kamera.

"Mwanangu, baba yako akija hapa na bisibisi, mfungie mlango."

Mchomeleaji akakaa chini taratibu.

"Alijuaje?" akauliza.