Aliyekanyaga Breki za Dadi

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja kitini akanyage pedeli, mwingine chini ya gari afungue nati. Fundi Bashiru wa Rutamba alilijua hilo kuliko wote, maana kwa miaka kumi na minane mkanyagaji wake alikuwa mkewe, Hamida. "Kanyaga!" angesema Bashiru, na Hamida angejibu kutoka juu, "Bismillahi, nimeshika." Hapo ndipo spana ingezunguka. Sasa Hamida alikuwa na mwaka na nusu kaburini. Jirani akijitolea kusaidia, Bashiru alikuwa na jibu moja tu, nitakuita, na hakumwita mtu.

Ndiyo maana Jumatatu ile, jua likiwa la utosi, alikuwa peke yake chini ya pikapu kuukuu ya Dadi, mnunuzi wa korosho. Pedeli ilikuwa inazama hadi sakafuni. Alishabadilisha mipira ya masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, akakagua magurudumu yote manne, na hakuona tone lililovuja. Akachomeka mpira mwembamba kwenye chupa ya soda, akashika spana, na kwa mazoea tu neno likamponyoka.

"Kanyaga."

Springi za kiti zikalia. Pedeli ikashuka.

"Nimeshika," ikajibu sauti ya Hamida.

Bashiru akafungua nati, kwa kuwa mikono yake ilizoea kuitii sauti ile. Mafuta yakatoka na mapovu. Alipojivuta nje, kitini hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya korosho za kuchoma, ile iliyokaa siku zote kwenye kanga za Hamida, na chini yake harufu nyingine ya nywele zilizoungua. Akaketi mchangani akalia. Alilia kwa furaha, Mungu amsamehe.

Jumanne pedeli ilikuwa imezama tena. Jumatano vilevile. Kila jioni aliiacha ngumu, kila asubuhi aliikuta imelegea kwa hewa, na kila adhuhuri aliingia uvunguni akiwa ameoga na kuchana ndevu, mtu anayekwenda kulalia grisi! Wahenga walisema upweke ni uvundo. Bashiru alishauzoea wa kwake akauona manukato.

"Shikamoo, fundi," Dadi alimwambia jioni ya Jumatano. "Mke wangu Grace siku zake zimekaribia, na mkunga kasema lazima akazalie Lindi. Ile miteremko bila breki tutazikwa."

"Marahaba. Jumamosi utalichukua gari."

Alhamisi ndipo alipong'amua kinachokosekana. "Hamida, mke wangu," alinong'ona, "sema bismillahi kwanza."

Badala ya neno hilo, pedeli ikaanza kupanda na kushuka, polepole, halafu kwa kasi, na harufu ya nywele ikaimeza ile ya korosho, na Bashiru, ambaye hakutaka kutazama ila macho yalikwenda yenyewe, akachungulia kwenye tundu la kutu sakafuni mwa gari, akauona mguu uliopakwa hina, hina ileile aliyoipenda, ukikanyaga na kukanyaga, kisigino kikiwa mbele na vidole vikiwa nyuma.

Alikimbilia kwa Salome, mama ntilie wa jirani, akamweleza yote.

"Kaka Bashiru, yule si Hamida. Na wewe umelijua hilo tangu Jumatatu."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha, dada."

"Wewe litakubakiza. Grace je?"



Ijumaa Salome alipanda kitini, akafanya ishara ya msalaba, akakanyaga. Bashiru akasema bismillahi kwa sauti, akafungua nati. Hewa ikatoka na kilio kirefu cha mwanamke, mafuta yakaja meusi, kisha yakaja safi. Harufu zote mbili zikaondoka. Jumamosi asubuhi pedeli ilikuwa bado ngumu.

"Limepona!" Salome akashangilia. "Siku nyingine niite."

"Nitakuita."

Adhuhuri akabaki peke yake. Ndani ya nyumba kulikuwa na sufuria moja, kikombe kimoja na mto mmoja. Alipaswa kushukuru, lakini alichosikia ni ukimya tu, na ukimya ule ulimuuma kuliko siku ya mazishi. Akajisogeza uvunguni, akailegeza nati iliyokuwa imekazwa vizuri, hewa ikaingia. Safari hii bismillahi hakuisema hata yeye.

"Kanyaga," akanong'ona.

Akangoja. Harufu ya korosho ikaja kwanza.

"Nimeshika."

Mara miguu ikasikika ikija mbio uani. "Hodi, fundi! Salome kaniambia gari tayari. Grace uchungu umeshamshika!"

Bashiru aliitazama spana mkononi. Ilibaki kuikaza nati kwa mzunguko mmoja tu na kumwita Salome akanyage.

"Bado, Dadi," akasema. "Rudi kesho."

"Kesho? Fundi, kesho!"

"Kesho."

Juu yake kiti kikalia taratibu, na aliyekikalia akajiweka vizuri.