Mito ya Viti vya Wageni

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, tulimzoea kwa jina la Mama Mwavuli, maana hapiti penye mwavuli uliovunjika asiuokote. Basi mtaa ulipoamua kufanya maonyesho ya sanaa ya kuwaenzi popo, nani mwingine angeitwa? Vitambaa vya miavuli vikawa mabawa, waya zake zikawa mifupa, na kazi ikanoga hata watoto wakaogopa kuingia kwake.

Maonyesho yalipangwa kufanyika kwenye ukumbi wa mtaa. Darini mwake waliishi popo wa kweli, tangu enzi za marehemu mama yake Mama Mwavuli, aliyekuwa akiufagia ukumbi huo. Mama yule aliwapenda, na kabla ya kufa alimwachia bintiye neno moja: wale wasiguswe. Kwa hiyo Mama Mwavuli aliikubali kazi kwa sharti hilo hilo. Mwenyekiti wa maonyesho, shoga yake wa tangu utotoni, akaapa.

"Tuwasherehekee halafu tuwaguse, shoga? Mimi nina wazimu?"

Wakacheka. Siku chache baadaye mwenyekiti akaleta kitambaa cha maua na gunia la matambara, akaomba mito ya viti vya wageni. "Ishindilie iwe migumu," alisema. "Wageni wetu wazito hao." Mama Mwavuli akashona huku akiimba.

Siku ya ufunguzi ilianza vizuri. Jua lilikuwa kali, watu walijaa, popo wa miavuli walining'inia kichwa chini, na mwenyekiti alikuwa akipokea pongezi hata zisizo zake. Mama Mwavuli akatafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa mbao tupu.

"Mito yangu iko wapi?" akamnong'oneza shoga yake.

Mwenyekiti akatupa jicho juu, kisha akatazama pembeni. Mama Mwavuli hakungoja jibu. Alitoka, akazunguka nyuma ya ukumbi. Chini ya bati, kila mwanya waliotokea popo ulikuwa umezibwa, na katika kila mwanya lilichungulia ua la kitambaa chake. Popo walikuwa wamezibiwa mchana, wakiwa wamelala ndani. Kwa mito aliyoishona yeye mwenyewe, akiimba. Alilia pale pale. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo aliishona kwa mkono wake.

Mwenyekiti akamfuata huko nyuma. "Wangewachafua wageni, shoga. Kesho tutawafungulia."

"Kesho watakuwa hai?"

Mwenyekiti akageuka, akarudi ukumbini. Akapanda jukwaani.

"Wageni wetu wapendwa, popo ni majirani zetu..."

Darini kitu kikakwaruza. Kidogo tu. Kisha pote. Watu wakatazama juu. Popo wa miavuli wakaanza kutikisika, na upepo haukuwepo. Mmoja akafunga mabawa. Wakafunga wote.

Mwenyekiti alifungua mdomo aendelee. Sauti haikutoka. Akashika koo. Akakohoa. Kikamtoka kipande cha kitambaa, kimelowa mate. Cha maua.

Ngazi ikaletwa, mito ikang'olewa, dari ikabomolewa. Hapakuwa na popo, si hai wala mfu. Na mwanya wa juu ya mlango ulikuwa wazi. Mto wake haukuonekana popote.

Mama Mwavuli aliukuta nyumbani kwake, juu ya cherehani, na mlango alikuwa ameuacha na kufuli. Ulikuwa na joto. Upande mmoja ulikuwa umefumuliwa, ukashonwa upya kwa uzi mweusi, mishono midogo ambayo yeye, pamoja na ufundi wake wote, asingeiweza. Akauinamia. Ndani, kitu kilipumua.

"Shoga," ikanong'ona sauti anayoijua tangu utotoni. "Nifungulie."

Madaktari hawakuona kitu kooni mwa mwenyekiti, lakini hajasema neno hadi leo. Kila jioni huja kwa Mama Mwavuli, akakaa kizingitini, akagusa koo kwa kidole huku machozi yakimtoka. Mama Mwavuli humpa kigoda na maji. Mto umo kabatini, chini ya vitambaa vya miavuli, na mkasi uko mezani, karibu kabisa na mkono wake.

"Kesho, shoga," humwambia, akaendelea kushona. "Kesho nitakufungulia."