Walinzi Wanaoonja Uchungu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alipewa kidonge cha kutibu kidonda cha mguuni, na kikombe cha maji. Jina hilo la utani alilipata nyumbani kwa kupenda kusema, lakini kwenye dawa alikuwa bubu. Alikificha kidonge shavuni, akanywa maji, akamwonyesha mama tabasamu, kisha akaenda kukitema chooni. Dawa yenyewe ilikuwa chungu, usiseme.

Kidonda kikazidi kuvimba, na homa ikampanda. Mama akampeleka hospitali, alikofanya kazi shangazi yake Chiriku, mpimaji wa maabara. Shangazi alimtoboa kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi na kuliweka chini ya hadubini.

"Njoo uwaone walinzi wako," alisema.

Chiriku akachungulia. Kumbe damu ina watu wake! Katikati ya chembe nyekundu zisizohesabika zilitawanyika nyingine, kubwa, zenye kiini cha zambarau. Alisahau hata maumivu ya mguu.

"Hizo ni chembe nyeupe," shangazi alieleza. "Wataalamu wamegundua kuwa baadhi yake zina vipokezi vya uchungu, kama vilivyo ulimini mwako. Kuna vijidudu vinavyotoa kemikali chungu, na chembe hizo zikiihisi, hujua adui kaingia."

"Yaani damu yangu inaonja, shangazi?"

"Ni kama inaonja. Tofauti ni kwamba wewe ukionja kitu kichungu unakitema. Zenyewe zinakifuata hukohuko kupigana."

Chiriku akachungulia tena. Vita vyote hivyo vilikuwa ndani yake, naye hakuwa na habari.

Shangazi akaguna. "Mbona chembe nyeupe ni nyingi hivi, kana kwamba vita ndiyo kwanza vimeanza, na dawa unakunywa? Daktari ataona dawa imeshindwa. Atakupa kali zaidi, pengine akulaze."

"Haijashindwa," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. "Sijameza hata kidonge kimoja. Nilikuwa navitema."

Mama alishika kiuno. "Makubwa haya. Na mimi kutwa nakusifu kwa majirani."

Daktari alipoelezwa ukweli, alimwanzishia dawa ileile upya, ameze mbele ya mama. Chiriku alikunja uso kila siku, na kila siku alimeza. Uvimbe ukapungua, kidonda kikafunga.

Shangazi alipokuja kumjulia hali, aliuangalia mguu, akamketisha karibu naye.

"Walinzi wako hawakukuacha hata siku moja, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyewaacha wapigane peke yao. Mficha maradhi kilio humfichua, na daktari hutibu kile anachoambiwa. Uliposema kweli, ndipo ulipoanza kupona."