Nembo ya Dada Wawili

Kila asubuhi Kidogo alikoroga sabuni uani. Alivaa glovu ndefu za mpira, akashika mwiko kwa mikono miwili. Mama yake aliketi kando, akisuuza chupa na kuziinamisha zichuruzike.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu watatu. Dada yake mkubwa ndiye aliyeianzisha. Ndiye pia aliyempa jina la Kidogo, ingawa Kidogo alimpita kimo tangu wakiwa shuleni. Kisha Dada akaugua, na hakupona.

Kabla ya kuugua, Dada alichora nembo ya biashara yao kwa penseli za rangi. Aliwachora wao wawili, shavu kwa shavu. Kidogo alikuwa mbele, kwa nyekundu iliyokolea. Yeye mwenyewe alijichora nyuma, kwa njano ya mbali, hafifu. Akaongeza maua na mapovu madogo madogo.

"Mbona umejiweka nyuma?" Kidogo alimwuliza.

"Wewe ndiye mwenye sura ya kuuza. Yangu itafukuza wateja!"

Walicheka mpaka Mama akawafokea. Sabuni ilikuwa inafurika.

Kwenye stika za chupa, zilizochapwa kwa rangi nyingi, mchoro ule ulitoka vizuri. Baada ya msiba, mwenye nyumba ya wageni akaagiza sabuni nyingi. Aliitaka kwenye madumu, na nembo ichapwe kwa rangi moja juu ya dumu lenyewe, kwa sababu stika hubanduka kwa maji. Kidogo akafurahi. Akaona pia atengeneze mhuri wa kugonga kwenye maboksi, na aproni za kudariziwa, yake na ya Mama. Aliupiga mchoro picha kwa simu, akaituma kwa mafundi wote. Hakuuliza swali hata moja.

Madumu yalirudi kwanza. Mama akaliinua moja, akaligeuza kwenye mwanga. Uso wa Kidogo ulionekana. Nyuma yake palikuwa patupu.

"Mwanangu yuko wapi?" Mama akauliza.

Aproni zilipokuja, nyuzi zilikuwa zimerundikana, na nyuso zimekunjamana kama viazi vilivyosahaulika. Mhuri nao ulitoa doa jeusi tu. Mama akaingia ndani, akafunga mlango. Siku hiyo hakula.

Kidogo akabeba dumu lile mpaka kwa mchapaji. Mchapaji alikuwa mama wa jirani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mikono yake ilikuwa na wino mpaka kwenye viwiko.

"Umemfuta dada yangu!" Kidogo alisema, akalitua dumu mezani.

Fundi alimfahamu marehemu. Hakukasirika. Akamsogezea kiti.

"Keti, mdogo wangu. Lia kwanza. Kisha nikuonyeshe kilichotokea."

Baadaye alimwonyesha fremu yenye kitambaa chembamba kilichovutwa kikakaza.

"Wino wa dumu hupita hapa. Ama unapita, ama haupiti. Hakuna kupita nusu. Na mlitaka rangi moja. Njano ya mbali ya dada yako ilihesabiwa kuwa si kitu."

"Na aproni?"

"Uzi una unene wake. Mstari mwembamba kuliko uzi haushoneki. Na mhuri ukiwa na nafasi finyu, wino unazijaza. Ule mchoro ni picha nzuri, Kidogo. Lakini nembo ni kitu kingine."

"Sasa nifanye nini?"

"Anza na nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Ikipendeza hivyo, rangi itaongezwa baadaye, moja au mbili. Acha vivuli. Acha rangi za mbali. Ipunguze iwe kama kifuniko cha chupa, uone kama bado inasomeka. Kisha ibandike ukutani, uitazame kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiridhika, nitaichora kwenye kompyuta kwa mistari. Mchoro wa namna hiyo unakuzwa na kupunguzwa bila kuharibika. Picha ya simu ukiikuza inavunjikavunjika. Na siku nyingine, dai sampuli moja kabla ya mzigo wote. Kwangu na kwa mafundi wengine, dai tu."

Kidogo akarudi nyumbani, akaketi mezani na kalamu nyeusi. Aliondoa maua. Akaondoa mapovu, kisha hereni. Alipofika kwenye macho ya Dada, mkono ukagoma.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

"Unamfuta tena?"

"Mama, haya macho yakipungua yanakuwa vumbi. Hayataonekana popote."

Mama akavuta kiti, akaketi. Kidogo akaendelea. Mwishowe vikabaki vichwa viwili vyenye vilemba, kwa mistari minene. Hakuna aliyekuwa nyuma. Walilingana, wakagusana mashavu.

Mama na Kidogo waliupeleka mchoro kwa Fundi wakiwa pamoja. Fundi aliupunguza mchoro, akauchapa. Pale mashavu yalipogusana, vichwa vilishikana vikawa donge moja.

"Lazima pawe na nafasi katikati," alisema kwa upole.

"Hapana," Kidogo akasema. "Tulikuwa shavu kwa shavu. Ndivyo alivyotuchora."

Mama akaishika ile karatasi, akaipapasa kwa kidole.

"Waachanishe, mwanangu," alisema. "Kwani si wameshaachana?"

Kidogo akainamisha kichwa mezani. Fundi akazima mashine, akasubiri mpaka alipoinuka. Kisha Kidogo akachukua kalamu, akachora upya, na nafasi katikati.

Safari hii walidai sampuli. Nembo ilitoka safi kwenye dumu na kwenye boksi. Fundi wa kudarizi naye akatuma aproni moja, na uzi ulikuwa umetulia. Fundi aliandika namba ya wino, ili wekundu wa dumu ufanane na wa stika. Mwenye nyumba ya wageni akapokea mzigo wake, akaagiza mwingine. Hata wasiojua kusoma walianza kuonyesha kidole dukani: "Nipe ile ya wawili."

Siku moja mteja mgeni aliigeuza chupa mkononi.

"Hawa ni akina nani, Mama?"

"Ni wanangu."

"Wazuri! Wapo?"

Mama akaichukua ile chupa, akaifuta taratibu kwa pindo la aproni, ingawa ilikuwa kavu.

"Yupo mmoja," alisema, akamrudishia.