Ngozi Kumi na Tisa za Chini

Kila Idi Kubwa, maskauti wa mtaa mmoja mjini Médéa walipita mlango kwa mlango kukusanya ngozi za kondoo waliochinjwa. Ngozi ziliuzwa kiwandani, na mwaka huu zingemnunulia Bi Zohra, jirani yao asiyeweza kutembea vizuri, kiti cha magurudumu.

"Chukua, mwanangu," Bi Zohra alimwambia Wassila, akimwonyesha ngozi ya kondoo wake kwa mkongojo. "Kiti kikifika, sokoni nakwenda mwenyewe. Nimechoka kula nyanya mnazonichagulia nyie!"

Wassila, mwenye miaka kumi na miwili, alipangiwa kuzitia ngozi chumvi zisioze. Kiongozi wao, Kaka Mourad, alimwelekeza: viganja vinne vya chumvi ya mawe, asugue upande wa nyama mpaka ukingoni, ndipo akunje. Alianza kwa moyo. Lakini kufika saa sita jua lilikuwa kali, mikono ikimwasha, na kila dirisha lilitoa harufu ya maini ya kuchoma. Zilibaki ngozi kumi na tisa. Alizikunja hivyo hivyo, akapanga zenye chumvi juu yake, akamwambia Kaka Mourad amemaliza, akatimua mbio nyumbani.

"Mmemaliza?" bibi yake aliuliza, akimpa mshikaki.

"Tumemaliza, bibi."

Maini yalikuwa matamu. Lakini alimfikiria Bi Zohra na nyanya zake. Akauweka mshikaki chini, akarudi.

"Kaka Mourad, nilikudanganya. Za chini hazina chumvi."

"Kwa joto hili? Na lori linakuja kesho!" Mourad alivuta ngozi ya chini kabisa, manyoya yakabaki mkononi. Wassila akaanza kulia.

"Utalia baadaye. Lete ndoo ya chumvi."

Walisugua wote wawili mpaka alasiri. Ngozi mbili zilikuwa zimeharibika, kumi na saba zikapona.

"Uvivu wako umetupotezea mbili," Mourad alisema, akipangusa jasho. "Lakini ungenyamaza mpaka kesho, tungezitupa zote. Ukikosea tena, njoo useme siku hiyo hiyo, hata kama unaona haya."

Mwezi uliofuata Bi Zohra aliingia sokoni akiendesha kiti chake mwenyewe, Wassila akimbebea kikapu. Alizibonyeza nyanya moja moja, kwa raha zake.

"Za juu usiziamini," alimfundisha. "Fukua za chini. Mbovu huwa wanazificha huko."

Wassila aliona haya mpaka masikioni. Halafu, pale pale mbele ya muuza nyanya, akamsimulia Bi Zohra habari yote ya ngozi.