Vina ya Karani wa Barabara

Vina ya karani wa barabara ilianza kulia yenyewe saa sita mchana, jua likiwa la utosi, na Tuneya akadhani ni panya.

Ilikuwa ala ya nyuzi ya Wahindi wa Kusini: gogo refu la mfenesi lililochongwa, kibuyu chini ya shingo, na mwishoni kichwa cha mnyama mwenye meno. Karani, Mhindi aliyekuja na wajenzi wa barabara, alipozidiwa na homa hapo Garsen, aliiacha kwa Tahir, mvuta kamba wa kivuko, mumewe Tuneya. "Nitunzie," alisema. "Isikae kimya sana." Akafia njiani akipelekwa hospitali. Tahir, ambaye kwake muziki ni ngoma na mengine ni kelele, akaiegemeza ukutani, akaisahau.

Kisha nyumba ikaanza kunuka kafuri. Tahir aliijua harufu ile: ni ya maiti aliyeoshwa. Na Tuneya, huku akitwanga mpunga, akawa anaimba kwa pua wimbo usio wa mtu yeyote wa mto huu.

"Umeutoa wapi wimbo huo?"

"Wimbo gani? Mimi natwanga tu."

Tahir aliogopa. Alimpenda mkewe kuliko alivyopata kumwambia, na aliona kifo kimeingia ndani kumchukua, basi akaibeba vina hadi ukingoni mwa mto, akaitia moto, nyuzi zikakatika moja moja kwa mlio mwembamba, nta ya shingoni mwake ikachuruzika, na kule nyumbani Tuneya akaanguka juu ya kinu, macho wazi, akisema lugha asiyoijua.

Mwanaarusi, fundi wa pepo wa Kipini, aliitwa, akazipiga ngoma zake zote hadi viganja vikamvimba.

"Pepo hutoka kwa ngoma yake, mwanangu," alinong'ona. "Huyu yuwataka yake. Iko wapi?"

"Nimeichoma, mama. Ilikuwa yanuka maiti. Kafuri."

"Wahindi huchoma kafuri wakisali." Akaanza kukusanya ngoma. "Ilitaka kupigwa tu."

"Na sasa?"

Mwanaarusi akajitwika ngoma zake, akashika njia ya Kipini.

Tangu hapo Tuneya hukaa mkekani, hapiki, hamjui mumewe. Huunyosha mkono wa kushoto mapajani akaudonoa mishipa kwa kucha za mkono wa kulia, polepole, kwa adabu, kutoka kiwiko hadi kifundo, na sauti ya vina hutoka. Tahir amezikata kucha zile, zimeota. Kila adhuhuri hukaa naye, akaushika mkono ule, maana ndiyo sehemu ya mkewe aliyobaki nayo, na chini ya kiganja chake, ndani ya nyama, huzihisi nyuzi zikikazwa.